Ndege ya Mama Lemba

Mama Lemba, jirani yangu hapa mtaani Matete, alikuwa hajapanda chombo chochote cha majini tangu kaka yake alipozama mtoni wakiwa wadogo. Kwa hiyo binti yake Lemba alipojifungua mapacha Brazzaville, ng'ambo tu ya mto, alisema ataenda kwa ndege.

Mumewe, Papa Makiese, aliacha kula. "Ndege? Ng'ambo pale? Itapaa huku inatua."

"Ndiyo ninayoitaka. Wewe panda boti lako, tukutane kwa wajukuu."

Nilimsindikiza. Foleni ya magari ya kwenda uwanja wa ndege ilikula asubuhi nzima, na kila teksi yetu iliposimama alifungua mlango, akachungulia mbele, akaufunga. Tulipofika hakukaa. Alizunguka na kapu lake la kwanga, ile mikate ya muhogo, hadi mumewe akapiga simu.

"Nimeshafika zamani. Nimewabeba wote. Huyu mmoja ana pua yako."

"Mlaze chini," Mama Lemba akasema. "Usimchoshe kabla sijafika."

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Ndege ilipaa, na kabla peremende aliyopewa haijayeyuka mdomoni aliyaona mabati ya Brazzaville chini yake. Akafungua mkanda, akatundika kapu begani. Hapo mvua ikashuka kama ukuta, ndege ikatikisika, ikazunguka mara mbili, kisha rubani akatangaza kwamba wanakwenda kutua Pointe-Noire, kule baharini.

"Mwanangu, niteremsheni hapahapa," alimwambia mhudumu.

"Mama, hapa ni angani."

"Angani juu ya binti yangu. Nyumba yao ile pale."

"Funga mkanda, mama."

Safari ya kufumba na kufumbua ikageuka ya saa nzima na zaidi. Pointe-Noire walilala kwenye viti vya uwanjani, naye akatembea kutoka mlango hadi mlango akiuliza kila mwenye sare wataondoka lini. Kwanga aliwagawia abiria wenzake. Hakuonja hata kipande. Kesho yake mchana ndipo waliporudishwa Brazzaville.

Lemba alimpokea mlangoni. "Mama, umetokea wapi?"

"Baharini. Nipe watoto."

Alipewa wote wawili pamoja, akaketi. Lemba anasema miguu ya mama yake iliendelea kuchezacheza chini ya kiti mpaka mapacha wakalala.

Baada ya wiki moja Papa Makiese alimwambia warudi nyumbani.

"Wiki ijayo," akajibu. Wiki ijayo ikafuatwa na nyingine, mumewe akarudi peke yake. Ndege hataki kuisikia, na boti bado linamtetemesha. Sasa ni mwezi wa tatu yuko huko. Kila Jumamosi mumewe anavuka kwenda kumwona, na Jumamosi iliyopita nilivuka naye, nimembebea Mama Lemba vitenge vyake.

Nilimkuta akipika, akiacha chungu, akirudi. "Meza yangu sokoni kaikalia nani? Paa la jikoni linavuja? Yule kuku?" Hakungoja majibu. Jioni alinivuta hadi ukingoni mwa mto, akanionyesha Matete kwa kidole. Alikuwa anaonyesha upande mwingine kabisa, nami sikumsahihisha.

"Nitarudi," akasema, akasogea hatua chache kuelekea maji. Akasimama, akaangalia boti moja likiondoka. Kisha akanishika mkono.

"Twende. Mapacha watakuwa wameamka."