Nguo Yenye Matone Katikati

Meza ya Mwanvua ni mlango. Ulikuwa mlango wa mbele wa nyumba ya jirani yake, Mado, na siku tingatinga lilipokuja kuibomoa nyumba ile, vibarua waliung'oa wakamwachia Mwanvua. Sasa umelazwa uani juu ya mapipa mawili. Tundu la kitasa limezibwa kwa nta ya mshumaa ili uji usivuje.

Uji wenyewe si wa kunywa. Mwanvua huchemsha unga wa muhogo na kuukoroga bila kupumzika mpaka uwe mzito kuliko uji wa mtoto na mwepesi kuliko bukari, ugali wa huko. Kabla ya hapo, kitambaa cheupe cha pamba kimeshachemshwa pamoja na maganda ya vitunguu na kipande cha shabu ya kushikisha rangi, kikatoka na rangi ya manjano. Uji hupakwa juu ya manjano hiyo, kisha huchorwa kwa kichanuo ungali mbichi. Pale meno yalipopita, kitambaa hubaki wazi. Uji ukikauka, Mwanvua hupaka kwa brashi chai kali iliyopoa, na juu ya chai hupaka siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Chai na kutu vikikutana huwa vyeusi. Mwishoni kitambaa huloweshwa, uji hubanduka, na inabaki nguo ya manjano yenye mistari myeusi, na kati ya mistari nyufa nyembamba kama za tope la bwawa lililokauka.

Hakuna kitu katika kazi hiyo kisichopatikana jikoni. Kilichokuwa hakipatikani tena ni mtu wa pili.

Kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, ni kipana kuliko urefu wa mkono wa mwanamke. Aliyesimama upande mmoja wa mlango hawezi kufikisha kichanuo upande wa pili. Jibu alilipata Mado, zamani, walipoanza: mmoja anasukuma mpaka katikati, mwenzake anakipokea hapo hapo, bila kukiinua, anakivuta mpaka kwake. Kwa njia hiyo mistari yao ilitoka ukingo hadi ukingo bila kukatika. Sokoni wanawake walizitambua nguo zao kwa mistari hiyo tu.

Mwanvua alizaliwa Kolwezi, katika familia ya wafanyabiashara Waislamu waliotoka Kasongo. Mume wake, Nasoro, aliendesha malori mpaka akafariki, na mwana wao mmoja, Yassini, anaishi Kalemie na hupiga simu siku za sikukuu. Mado ni Mkatoliki wa Manono, mjane wa karani. Kwa miaka mingi nyua zao zilitenganishwa na ukuta ambao wenyewe waliutoboa: waliondoa matofali machache, na katika tundu hilo zilipita chumvi, makaa ya moto, sahani zilizofunikwa na maneno ya watu.

Kisha mgodi ukasogea. Walipita watu waliobeba rangi nyekundu wakiandika alama kwenye kuta, nyumba baada ya nyumba. Alama ya mwisho iliandikwa kwa Mado. Nyumba ya Mwanvua ilibaki nje, kwa hiyo hakuna aliyemwambia ahame. Mtaa ukaisha mbele ya dirisha lake. Zilibaki sakafu tupu na ukuta mmoja uliokuwa wa saluni ya nywele. Mchana, baruti inapolipuliwa shimoni, vikombe hutikisika kwenye kabati, na hakuna tena jirani wa kuuliza kupitia tunduni kama vyake vimepona.

Mwana wa Mado, Zéphirin, fundi wa magari Fungurume, alikuja na lori kumchukua mama yake. Mado alikaa juu ya godoro lililokunjwa akakataa kusimama.

"Mi siendi," alisema. "Nitapanga chumba hapa hapa Kolwezi."

"Na ile miguu yako yenye kuvimba?" Mwanvua alimuuliza. "Nani atakutekea mayi?"

"Na weye, nani atakupokelea kichanuo?"

"Bantu biko. Kolwezi iko na bantu mingi kupita bitunguu."

"Kama unabaki peke yako, nitarudia. Uniapie."

Zéphirin alipiga honi. "Bamama, tuende! Munaagana sawa bachumba!"

Mwanvua aliapa kwamba atapata mtu. Mado akapanda lori.

Alijaribu kweli. Alimwomba Mignonne, mwanamke anayeuza mikate kwenye kona, aje mara moja tu. Mignonne alikuja na moyo mzuri. Lakini kila kichanuo kilipofika katikati alisita, akakishika kwa nguvu, na mstari ukapinda. Walicheka. Walipojaribu tena wateja walianza kumwita Mignonne, akafuta mikono akakimbia. Wanawake wengine waliobaki huondoka alfajiri kwenda kuosha mawe ya madini, na wakirudi hawana nguvu ya kusimama.

Kwa hiyo Mado alipouliza kwenye simu, "Umepata mutu?", Mwanvua alikuwa dirishani, na mbele yake, kwenye ukuta uliobaki, yalikuwa yanasomeka maneno Salon Djamila.

"Nimepata," alijibu. "Anaitwa Djamila."

Baada ya siku hiyo Djamila alianza kukua. Mado alitaka habari zake kila alipopiga simu, na Mwanvua alilazimika kumpa. Djamila alipenda pilipili. Djamila alichelewa asubuhi. Djamila aliimba akifanya kazi, tena vibaya.

"Umukaripie," Mado alisema.

"Nimukaripie, akimbie?"

"Kweli. Basi umupikie, atabaki."

Walicheka wote wawili, na simu ilipokatika nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla ya kupigiwa.

Mwezi wa sita Mado alipiga akiwa na furaha ya kupiga kelele. Binti yake wa mwisho, Tatiana, ataolewa mwezi wa nane huko Fungurume. "Famille imechagua kikwembe ya magazini, ya kununua tu, bamama bote batavaa sawasawa. Lakini mi nimekatala. Mi na weye tutavaa ya mikono yetu. Weye na Djamila mufanye moya murefu, muikate mara mbili. Unanisikia?"

"Ninakusikia."

Katika familia hizi nguo ya harusi si pambo tu. Mtu akiingia uani hutazama nguo, na kwa nguo hujua nani ni ndugu wa nani. Mado alikuwa amemweka Mwanvua karibu kuliko dada zake wa damu, mbele ya watu wote. Lakini nguo hiyo hiyo ingeweza kusema jambo jingine. Mado angeisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Akiona kwamba imefanywa na mtu mmoja, moja kati ya mambo mawili lingetokea: ama angerudi Kolwezi na miguu yake mibovu kukaa katika chumba cha kupanga, ama angejua na asirudi. La kwanza Mwanvua hakulitaka. La pili aliliogopa. Ilibidi nguo iwe ya watu wawili.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo mkavu, vumbi jekundu la malori. Uji ulianza kuota ngozi mara tu ulipotandazwa. Mwanvua alisukuma kichanuo mpaka katikati, akakiinua, akazunguka mlango, akakiweka tena. Alipofika ng'ambo, mstari wa pili haukukutana na wa kwanza. Kila mahali palipokuwa na kiungo, rangi iliingia zaidi na kuacha kovu jeusi. Alifunga kichanuo kwenye mpini wa ufagio ili kifike mbali. Kilirukaruka kama kuku. Alitandika kitambaa sakafuni akapiga magoti. Mistari ilianza vizuri, lakini magoti yalikataa kusimama, akakaa pale muda mrefu, mkono mmoja juu ya sakafu, akitazama uji ukikauka.

Nguo zilizoharibika alifunikia magunia ya makaa. Alirudi kwa Mukalay, muuza unga wa sokoni, mara nyingi mpaka Mukalay akamtania.

"Mama Mwanvua, unapika bukari ya kikosi? Ama umepata bwana mupya?"

"Bwana gani anakula hivi?"

"Wa mugodi. Bale banakulaka."

Wazo lilimjia kutoka kwenye makovu yenyewe. Kama hawezi kuyazuia, atayafanya yaonekane yametakiwa. Alitandaza kitambaa chake cha mwisho, akachora upande mmoja, akazunguka, akachora wa pili. Kisha, kabla ya uji kukauka, alipitisha kidole juu ya kila kiungo na kuchimba tone. Matone yalishuka katikati ya nguo kwa mstari mmoja, kama vifungo vya kanzu. Alipopaka chai na siki, yalitoka meusi na ya duara. Baada ya kuiosha aliianika, akaitazama toka mbali, kisha toka karibu. Ilikuwa nzuri. Aliikata vipande viwili.

Jumamosi ya harusi alipanda basi la asubuhi, nyuma ya msururu wa malori ya madini, akafika Fungurume uso ukiwa na vumbi na nguo ikiwa safi ndani ya mfuko. Uani kwa Zéphirin wanawake walikuwa wamejaa, wote wakiwa na kikwembe cha dukani, bluu yenye ndege. Mado alikuwa ameketi kwenye kiti, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mama Yassini! Umekonda sawa musumari!"

"Na weye, Mama Tatiana, umenenepa sawa mupadri."

"Djamila iko wapi?"

"Amebaki. Tumbo inamuuma."

"Ni pilipili yake ile," alisema Mado, na wanawake wakacheka bila kumjua waliyekuwa wanamcheka.

Mwanvua alitoa nguo. Ilipokelewa kwa vigelegele. Dada yake Mado aliitandaza juani.

"Iii, na hii matone ya katikati! Ndiyo mode ya sasa?"

"Ni mode ya Djamila," Mwanvua alisema. "Batoto ba leo banapendaka kuongeza kitu."

Mado aliivuta nguo mpaka juu ya magoti yake. Alifuata mstari mmoja kwa kidole gumba, kutoka ukingoni mpaka kwenye tone, na kutoka kwenye tone mpaka ukingo wa pili. Kidole kilirudi kwenye tone. Upande wa kushoto mstari uliingia chini kidogo. Upande wa kulia ulitoka juu kidogo. Akafuata mwingine, na mwingine. Ilikuwa hivyo hivyo. Nguo za namna hiyo alizijua: ndizo walizozifanya mwaka wa kwanza, kila mmoja peke yake uani kwake, kabla hawajajua kupokezana, na walizitumia kupangusia meza.

Aliinua macho. Mwanvua alikuwa anatazama maji ya beseni.

"Ule Djamila," Mado aliuliza, "iko murefu?"

"Murefu kidogo."

"Umwambie asiogope akifika katikati."

"Nitamwambia."

"Na umwambie mi nimesema nguo iko muzuri."

Mado akaomba taulo, akapangusa miguu, akaifunga nguo kiunoni juu ya gauni lake. Mwanvua akafunga ya kwake. Walikwenda kanisani bega kwa bega, wawili wa manjano kati ya bluu, na watu waliowaona walisema kwamba hao ni ndugu. Padri alihubiri. Tatiana alilia kama inavyotakiwa. Uani muziki ulipofunguliwa, Mado alicheza akiwa ameketi, mikono tu, na Mwanvua alisimama nyuma ya kiti chake akamshikia mkoba.

Mado hakumuuliza tena habari za Djamila. Hakusema kwamba atarudi, wala hakumwambia Mwanvua abaki. Wajukuu walipanda na kushuka mapajani mwake mchana kutwa. Zéphirin alimletea dawa kwa saa yake. Mtu yeyote angeona kwamba mama yule alikuwa amefika alipopaswa kufika, na Mwanvua aliliona pia.

Basi la kurudi lilikuwa linaondoka kabla ya jua kushuka. Mado alimwita jikoni. Kulikuwa na sufuria ndogo iliyotengwa, ya kuku aliyechinjwa na Mwislamu mmoja wa sokoni, kwa sababu Mado hakuwahi kulisahau jambo hilo hata mara moja. Alikuwa amefunga chakula katika karatasi za foili, mafungu mawili.

"Hii ya kwako," alisema. "Na hii ya Djamila. Musigombane."

"Atafurahi."

"Umusalimie sana."

"Nitamusalimia."

Mado alishikilia fungu la pili kidogo kabla ya kuliachia. Kisha mtu alimwita kutoka uani, mama wa bibi arusi anatafutwa kwa picha, akaenda akichechemea, nguo ya manjano ikipotea kati ya zile za bluu.

Mwanvua alifika nyumbani akala fungu lake, simu ikiwa juu ya meza bila kulia. Lilikuwa na wali, mbogamboga na bawa. Kesho yake, baada ya baruti ya mchana, aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akapasha moto fungu la Djamila. Alipolifungua alikuta wali mwingi zaidi, paja, na juu ya paja, firigisi.

Firigisi ni kipande anachopenda Mwanvua. Mado ndiye aliyekuwa akimpitishia katika tundu la ukuta, kila mara alipopika kuku, miaka yote ile.

Alikaa kwenye kigoda, kando ya mlango uliolazwa juu ya mapipa, akaila polepole.