Mawe Manne ya Geneviève

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Geneviève alizunguka kiwanja chake cha mtaa wa Kasenga akigusa mawe manne ya mpaka, moja moja, kwa kiganja. Lile la upande wa barabara alilipigapiga kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto. Ukimsalimia kabla ya jiwe la nne hakujibu. Akimaliza alikurudia: "Jambo sana, mama. Nilikuwa kwa kazi."

Ugonjwa wa kichwa ulimshika mwaka aliokufa mume wake. Alisikia sauti za watu wasiokuwapo, akawa anavua viatu na kutembea peku mpaka Kavimvira, mbali na kwake. Baadaye alipata vidonge kwenye kituo cha afya, akatulia, akarudi kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mbele ya mlango wake.

Asiyetulia alikuwa shemeji yake, Dieudonné. Alitaka kiwanja. Akaenda mahakamani, kuomba tribinali imweke yeye kuwa msimamizi wa mali hiyo, kwa kuwa mgonjwa wa kichwa, alisema, hajui kilicho chake.

"Hata kuku yangu inamuzidi akili," alisema mbele ya familia.

"Ni hiyo kuku ilikutuma uuze nyumba ya kaka yako?" Geneviève akamuuliza.

Watu walicheka mpaka Dieudonné akachukua kofia yake akaondoka. Lakini karatasi za kesi hakuziondoa.

Spès, mdogo wake Geneviève, ndiye aliyempeleka kwenye ofisi ndogo nyuma ya kanisa, ambako mawakili huwasaidia bure wagonjwa wa namna hiyo wasio na kitu. Wakili aliyewapokea, Maître Ornella, aliandika muda mrefu. Hakumwita Geneviève mgonjwa hata mara moja.

"Mama, juji atakuuliza mambo matatu. Jina lako, kiwanja chako kinaishia wapi, na kama unataka kukiuza. Ukijibu weye mwenyewe, shemeji hana neno."

"Mpaka ule minye naujua hata munifunge macho."

"Basi vizuri. Na vidonge usiache hata siku moja. Asubuhi na jioni, ukisha kula."

Spès alikuwa mtu wa chumba cha maombi. Kwake, jambo zito haliendi bila kufunga. Zilipobaki siku tatu kabla ya kesi alikuja na Biblia kwapani.

"Yaya, dada yangu, tufunge siku tatu juu ya kesi."

"Na dawa?"

"Si walisema ukisha kula? Sasa hatuli. Mungu hashindwi na siku tatu."

Geneviève alimtazama, kisha akalirudisha kopo la vidonge juu ya kabati. Huyu ndiye aliyemlisha kwa mkono miaka ile mibaya. Angemkatalia vipi?

Asubuhi ya kesi Geneviève aliyazunguka mawe mara mbili. Spès aliona. Alidhani ni woga.

Kule tribinali, juji aliuliza jina. Geneviève akalitaja lote, pamoja na la baba yake. Spès akashukuru Mungu kimoyomoyo.

"Kiwanja chako, mama, kinaishia wapi?"

Geneviève aligeukia dirisha. "Wanayahamisha," alisema.

"Nani?"

"Mawe. Hamuwasikii?"

Dieudonné alitazama viatu vyake. Maître Ornella aliinuka kuomba dakika chache, akamwinamia Spès.

"Amekunywa dawa?"

Kinywa cha Spès kilikuwa kikavu kwa njaa. "Tulifunga, Maître. Siku tatu. Tulikuwa tunawaombea ninyi."

Ornella alifumba macho. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma Spès kuliko tusi.

Geneviève alikwisha simama. Alikaza kitenge chake, akamwinamia juji kama mtu anayeaga kwa watu. "Ngoja niende kuyaangalia. Narudi."

Spès aliona anaenda tu uani, apate hewa. Hakumfuata. Ni pale alipoinama kuokota Biblia yake ndipo alipoona sandali za dada yake chini ya benchi, zimepangwa sawasawa.

Alikimbia nazo mkononi mpaka Kasenga. Mawe yalikuwepo yote manne. Kopo lilikuwa juu ya kabati. Wengine walisema wamemwona njia ya Kavimvira, wengine ile inayopanda milimani, Rurambo.

Juji alitoa mwezi mmoja Geneviève arudi kujibu. Mwezi umekwisha, yeye hajarudi, Dieudonné amekwisha badilisha kufuli la nyumba, na sandali ziko kwa Spès.