Mlango Unaotazama Ziwa

Nyumba ya Kibenga, kando ya ziwa hapa Bujumbura, niliijenga mwenyewe, na sioni haya kujisifu. Wenzangu wengi waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania walingoja kuhurumiwa. Mimi nilirudi na diploma ya ujenzi niliyoisomea huku nikiponda kokoto, na leo kuna maghorofa mjini ambayo nguzo zake nilizipima mimi.

Ila ramani ya nyumba ile haikutoka chuoni. Ilikuwa ya mama. Kambini, kila alasiri, alichota majivu jikoni akachora nyumba mbele ya kibanda chetu: hapa sebule, hapa chumba cha mtoto, hapa mlango unaotazama ziwa. Tulikuwa na sheria. Ndani unaingia kwa mlango tu. Ukikanyaga ukuta wa majivu, unarudi nje kupiga hodi upya. Sebuleni palikuwa na kiti cha baba. Siku tulipokimbia vita kutoka Bujumbura, baba alitangulia ufukweni kututafutia mtumbwi, na hakuonekana tena. Mama alisema atarudi kwa njia ileile ya ziwa.

Nikajenga vilevile. Nilijua bonde la Kibenga linataka mlango uelekee mlimani, mbali na maji, na somo hilo nilifaulu vizuri kuliko darasa zima.

"Mulango ya mulimani ataingia nani?" mama aliniuliza. "Baba yako azunguke nyumba kama mwizi?"

Basi mlango ukatazama ziwa.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Lilimeza migomba ya jirani, likameza njia ya mchanga, likatulia siku chache, likasogea tena. Jirani alipokuwa anang'oa mabati yake ili ahame, aliniita kutoka juu ya paa.

"Muinjinia, we hauhame?"

"Simenti yangu haiogopi maji."

"Sawa. Ziwa iko nakuja kuangalia hiyo diplome yako. Uipanguse vumbi."

Tukacheka wote wawili. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa kimya, hata mbwa walikuwa wamechukuliwa.

Asubuhi moja nikakuta nyayo za kiboko kwenye matope, zimefika hadi mlangoni na kusimama. Mama alikuwa anazifagia taratibu, uso wake umechangamka kama wa bibi harusi.

"Kuna mutu alipita hapa," alisema. "Hakupiga hodi. Anaona haya."

"Ni kiboko, mama."

"We ulikuwa mudogo. Haujui vile anatembeaka."

Tangu siku hiyo kiti kimoja kilikaa karibu na mlango. Nilimsihi tuhame. Alinijibu kwa upole kwamba mimi niende, yeye anangoja mgeni.

Maji yalipoingia nilikuwa kazini. Nilimkuta sebuleni amevaa kitenge cha kanisani, miguu imezama hadi kwenye vigimbi, vikombe viwili vya chai mezani.

"Ngoja kidogo, papa," alininong'oneza, akiniita kama alivyonibembeleza utotoni. "Baba yako anavua viatu."

Niling'oa mlango kwenye bawaba, nikaubeba kichwani, nikatoka. Mama akaufuata mlango. Akaufuata kupitia maji, kupitia barabara, mpaka Kanyosha, kwenye nyumba niliyopanga juu ya korongo.

Nyumba yangu ya Kibenga bado imesimama ndani ya ziwa, na haina ufa hata mmoja. Nenda ukaitazame.

Huku Kanyosha nyufa ziko ardhini. Kila mvua inapoanguka, korongo linakula kipande cha uwanja, na sisi tunasikia udongo ukidondoka chini. Jana nilirudi kutoka kazini nikakuta mama amechora nyumba yote kwa majivu uwanjani. Mlango wetu ameuegemeza kwenye jiwe upande wa ziwa, pale ukingoni mwa korongo, na ufa mpya umepita katikati ya chumba changu. Yeye ameketi ndani, kando ya kiti kitupu.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nilipaswa kuvuka ule mstari wa majivu, nimshike mkono, nimtoe. Hatua chache tu.

Nikazunguka kwa kufuata ukingo, nikasimama mbele ya mlango.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," mama akajibu. "Panguza miguu. Salimia baba yako."

Nikaingia, nikamsalimia. Chini yetu udongo ulidondoka, mama akainua kidole ili tunyamaze, tumsikilize baba.