Rudia Kwenu, Treni Iko Inalia

Mama alikuwa na namna yake ya kusalimia. Wengine katika barabara yetu ya Kamalondo walisema "jambo" na "mulilala je". Yeye akishawasha makaa na kuteleka maji ya chai, alipanda juu ya jiwe la kufulia, akaweka viwiko juu ya ukuta wa matofali mabichi uliotenga lupango yetu, yaani ua wetu, na lupango ya jirani, akaita:

— Mukuya! Rudia kwenu, treni iko inalia.

Na kweli treni ililia saa ile kule stesheni. Jirani yetu, fundi wa redio, mtu wa Kasai, huko treni inakoenda, alijibu toka ndani bila kuonyesha uso:

— Nikate tiketi mbili? We baba yako alikuya na miguu.

Wakacheka wote wawili, na kwangu siku ilikuwa haijaanza kabla ya kicheko hicho.

Mukuya ni mtu aliyekuja, asiye wa udongo wa hapa. Babu yangu, baba wa mama, alitoka Maniema nyuma ya mizigo ya wachuuzi, na fundi aliletwa mdogo na baba yake aliyepata kazi ya ofisi kwenye kampuni ya shaba. Sisi Waislamu, wao Wakatoliki. Siku ya Idi sahani ya pilau ilivuka ukuta, na siku ya Noeli sahani ileile ilirudi na mikate ya kukaanga. Utani wao ulikuwa sahani ya tatu, ya kila siku.

Mimi nilikuwa msichana wa kucheka ovyo. Shule niliiacha mapema, nikakaa kwenye mashini ya pili ya baba, fundi wa nguo, tukishonea makarani abakosi zao, suti zisizo na tai. Huku mguu unakanyaga, kichwa kilikuwa mjini: niliona duka langu lenye kioo kikubwa, na sanamu ya mwanamke amevaa gauni nililolikata mwenyewe. Shuleni tulikuwa tumeimba kila asubuhi mbele ya bendera kwamba watu wote wa Zaire ni ndugu, na mimi niliimba kwa kuamini, maana wimbo wenyewe ulikuwa mtamu.

Halafu vita ikaja upande wa Kolwezi, ikapita, ikaacha watu wakitazamana. Kazi zikawa ngumu kupatikana. Kijana mmoja wa barabara ya nyuma alifukuzwa kazi kule kiwandani. Alikuwa na sauti nzuri na filimbi ya mwamuzi shingoni, akaanza kukusanya wenzake mbele ya baa. Alisema udongo una wenyewe. Alisema waliokuja wamekalia viti vya wenyewe. Mwanzo tulimsikia kama tunavyosikia walevi. Kisha wakavunja kibanda cha muuza mikate mmoja, Mkasai, huku watu wanatazama, na hakuna aliyeulizwa kitu. Tangu siku hiyo neno mukuya likabadilika uso. Nililisikia sokoni, limetemwa chini kama mbegu ya ndimu.

Mama hakulisikia hivyo. Ama alilisikia, akadhani la kwake ni lingine.

Asubuhi moja akapanda jiwe lake, akaita kama kawaida. Nje barabarani vijana wale walikuwa wanapita. Filimbi ikalia mara moja, fupi. Wakasimama, wakapiga makofi.

— Njo vile kabisa, Mama, kijana yule akasema, kichwa chake juu ya mlango wa lupango. Baambie. We unasema ile bengine banaogopa kusema.

Mama akashuka toka juu ya jiwe. Upande wa pili wa ukuta fundi hakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza treni kulia peke yake.

Mchana vijana wale walisimama mbele ya mlango wa fundi, wengi, wengine na fimbo. Wakamwambia ahame kabla ya Jumapili. Barabara nzima haimtaki, walisema, hata mke wa fundi wa nguo anamfukuza kila siku, uliza mtu yeyote. Mke wa fundi alikuwa amekaa kizingitini na tumbo la mwezi wa mwisho. Hakusimama. Nilimwona anashika magoti yake kama mtu aliye juu ya lori.

Nyumba ile fundi aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Akaenda kwa shefu wa mtaa kushtaki. Shefu akaagiza wote waje kesho yake, na mama awe shahidi, kwa sababu maneno ni yake.

Jioni ile baba hakula bukari; ugali ukapoa sahanini.

— Usiende, alimwambia mama. Sema unaumwa.

— Nikisema naumwa, batachukua maneno yangu babomoe nayo nyumba ya muntu.

— Na ukienda, batakuuliza we ulitoka wapi. Utajibu nini? Leo ni Mukasai. Kesho ni nani, unazania?

Mimi nilikuwa napiga pasi kola moja tu, naipiga tena na tena, mpaka ikanukia kuungua. Nilitazama ukuta wetu, mashini zetu, mabati yetu, na kwa mara ya kwanza vyote vilionekana kama vitu vya kubebwa.

Nilimsindikiza mama. Shefu alikuwa mzee mwembamba mwenye abakosi iliyoshonwa na baba. Alikaa kwenye baraza lake, picha ya Rais juu ya kichwa chake, polisi mmoja pembeni. Watu walijaa mpaka barabarani. Kijana wa filimbi alisema vizuri, lazima niseme ukweli, alisema kama padri. Kisha shefu akamgeukia mama.

— Mama, ulisemaka "mukuya, rudia kwenu", ao hapana?

— Nilisemaka.

Watu wakavuma. Fundi alitazama viatu vyake.

— Kila siku?

— Kila siku, shefu. Lakini ni masolo ya kucheka. Ni utani.

— Utani gani?

Mama akaanza kueleza. Nani amewahi kueleza kichekesho kikabaki hai? Alisema treni, alisema tiketi, akachanganyikiwa. Nyuso zilimtazama bila kucheka, na jasho likamtiririka chini ya kitambaa cha kichwa. Mwisho akamgeukia fundi.

— Jibu basi, vwazen, jirani yangu. Mimi nasema: mukuya, rudia kwenu, treni iko inalia. We unanijibukaka je?

Fundi aliinua macho toka kwenye viatu vyake. Nilimwomba Mungu amsaidie, hata nikasahau kuomba kwa Kiarabu. Ndipo akasema, chini sana, kama anayeungama:

— Baba yako alikuya na miguu.

Hakuna aliyecheka. Ila shefu aliinua kichwa.

— Baba yako alitoka wapi, Mama?

Hapo nikajua jana baba aliona mbali. Mama alinitazama mimi, si shefu. Angeweza kusema sijui.

— Kasongo, akasema. Kule Maniema. Na mimi ni mukuya, shefu. Njo maana tunachekaka.

— Kumbe nao! mtu mmoja nyuma akasema, na vijana wakageuza macho kutoka kwa fundi wakatuwekea sisi. Macho yana uzito. Niliyasikia mgongoni.

Shefu akapiga meza kwa kiganja. Alisema hakuna mtu anayetolewa ndani ya lupango yake bila hukumu ya tribinali, awe wa Kasai, awe wa mwezini. Anayemgusa fundi atalala kashoti, ndani ya jela. Alisema kwa nguvu, nikapumua. Lakini watu walipotawanyika alimwita mama kando, akamwambia kwa sauti nyingine:

— Sheria ninayo, Mama. Polisi niko naye mumoja.

Jumapili polisi huyo alikaa kwenye kiti kati ya mlango wetu na wa fundi. Mama alimpelekea chakula, na mke wa fundi naye akampelekea, akala vyote viwili. Vijana walikuja mchana. Walisimama ng'ambo ya barabara, wakitazama mlango mmoja, kisha mwingine, kana kwamba wanapima nguo. Jiwe moja likaanguka juu ya mabati, ya kwetu. Polisi akasimama, akauliza nani, hakuna aliyemjibu. Filimbi ikalia, wakaondoka polepole, bila kuficha kwamba wanajua njia ya kurudi.

Jua lilipoanza kuteremka nyuma ya mlima wa taka za shaba, polisi akakunja gazeti lake, akabeba kiti.

— Shefu alisema nikae mupaka saa kumi na mbili, akasema, na aliona haya.

Tulibaki ndani tukisikiliza barabara. Baba akainuka, akachukua jembe, akaenda kwenye ukuta wa matofali mabichi. Nilidhani anataka kuuongeza juu. Akapiga chini. Tofali moja, na lingine, vumbi jekundu likimwingia machoni. Upande wa pili fundi alielewa kwamba wakija kwa mlango mmoja tutatokea wa pili, akaja na nyundo yake. Wakabomoa mpaka pengo likatosha mwanamke mwenye mimba kupita bila kuinama.