Nilimnyamazisha Baba Alipocheka

Nimekosa, wenzangu. Sitasingizia shetani, wala sitasingizia uchovu, ingawa nimechoka hadi kwenye mifupa. Ni mdomo wangu huu huu ulioharibu mambo, na hakuna mtu aliyenituma.

Naishi mtaa wa Lucky Summer na baba yangu. Ama niseme nilikuwa naishi naye. Mimi ni karani katika ghala moja huko Industrial Area, na yeye ni mchonga vinyago, Mkamba aliyeshika tezo tangu utotoni. Mama alifariki mwaka jana, na tangu tumzike, baba hakuwahi kucheka. Hata kutabasamu, wapi!

Na huyo mzee alivyokuwa mcheshi! Mama akiwa hai, majirani walikuwa wakitugongea ukuta tupunguze kelele.

Baada ya mazishi akaamua kupika mwenyewe. Nilikuwa nikitoka kazini nakuta ugali wa madonge, sufuria imeungua, na yeye amesimama hapo kimya na aproni ya mama yenye maua. Nilikula tu, ningefanya nini? Kila asubuhi nilimwomba Mungu amrudishie baba kicheko chake. Aki niliomba sana!

Basi Jumamosi moja mchana kanisa letu likaonyesha filamu ukumbini. Ilikuwa ya kuchekesha lakini ya msiba: mama wa nyumba amekufa, mume na watoto hawajui hata chumvi hukaa wapi. Mimi nilianza kulia mapema. Nyuma yetu walikaa kina mama wa chama alichokuwamo mama, wale waliotupikia wakati wa matanga.

Ikafika mahali yule mzee wa filamu anasonga ugali, amevaa aproni ya marehemu mkewe. Anasonga, anasonga, mara mwiko ukavunjika! Akabaki ameshika kipande akikitazama.

Baba akaangua kicheko. Wueh! Si kicheko cha adabu. Alijipiga mapaja, machozi yakamtoka, akapaza sauti, "Huyo ni mimi! Jamani, huyo ni mimi kabisa!" Akanishika bega ili nicheke naye.

Watu wakageuka. Mimi nikawafikiria wale kina mama nyuma yetu. Watasema ati mzee ameshasahau, labda hata amepata mwingine. Kaburi lenyewe bado hatujaliwekea msalaba, na yeye anapiga kelele namna hii! Nikamfinya mkono. Nikamwambia kwa ukali, wala sikunong'ona, "Baba, huna aibu? Mama hajamaliza hata mwaka!"

Akanyamaza hapo hapo. Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Pole, mwanangu," akasema. Mimi ndiye nimemkosea, na yeye ndiye anasema pole! Alitazama sakafu mpaka filamu ikaisha.

Tulipofika mlangoni, baba akatangulia nje, na mwenyekiti wa wale kina mama akanivuta kando. "Binti, tumefurahi sana kumsikia mzee. Tumekuwa tukimwombea acheke. Mbona umemkatiza?"

Nilitamani ardhi ipasuke nijifiche humo. Kumbe watu niliowaogopa walikuwa wakiomba ombi lile lile langu!

Jumatatu nikitoka kazini nikakuta aproni imefuliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya kiti cha mama. Jikoni hakuna moto. Nilimwomba msamaha siku hiyo, nikamwomba tena Jumatano. Kila mara alisema, "Yameisha." Lakini hakupika tena. Wiki ya pili akatia tezo na patasi zake kwenye gunia, akarudi kwetu Machakos. Alisema ati nyumba yetu ina watu wengi karibu.

Sasa napika peke yangu, nakula peke yangu. Nikimpigia simu ananiambia yuko salama, tena basi. Juzi nikaamua kumtania. Nikamwambia, "Baba, leo nimeunguza ugali, hata mbwa wa jirani ameukataa!"

Nikangoja. Nilisikia pumzi yake imepanda, kisha ikatulia.

"Uko na nani hapo?" akauliza polepole.

"Niko peke yangu, baba."

"Hakuna mtu anasikia?"

"Hakuna."

Ndipo akacheka. Kidogo tu, na nilijua ameziba mdomo kwa mkono. Nilikata simu nikalia kuliko siku tuliyomzika mama.

Wewe unayesoma hii, kama kuna mfiwa kwako, akicheka mbele za watu mwache acheke. Usiangalie nani amegeuka. Mimi niliangalia, na leo baba yangu mzazi anaomba ruhusa ya kucheka.