Karafuu Maiti Katika Mtihani wa Historia

Mama alizikwa Ijumaa, na Jumatatu nilikuwa na mtihani wa Historia wa kidato cha nne. Nilikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima mwenye watoto. Shule ya chekechea ninayosaidia hapa Bagamoyo ilikuwa imeniambia mwakani haitaniweka bila cheti.

Kwenye matanga nilijifunza kulala nimekaa. Mkekani, katikati ya shangazi zangu waliotoka Saadani, mtu anapewa pole, anaitikia, anasinzia, anaitikia tena. Mwili ukazoea. Asubuhi ya mtihani mama mdogo alinikuta nimeegemea mlango, macho nimefumba.

“Wewe utakoroma mbele ya msimamizi.”

“Sikoromi, mama.”

“Hukoromi? Jana mbuzi kalia uani, ukamwambia karibu!”

Shangazi wakacheka, kisha wakajiziba midomo kwa kanga. Mama mdogo akafungua sanduku la marehemu, akatoa kitambaa cha mkononi, akakidondoshea mafuta ya mkaratusi. “Macho yakiwa mazito, vuta.”

Katika chumba cha mtihani, mwanzoni nilipambana na usingizi mwenyewe. Nilibana vidole vya miguu, nikasoma maswali kwa midomo bila sauti. Lakini baadaye niliona kalamu imechora mstari mrefu mpaka chini ya karatasi, nami sikujua imefikaje. Nikavuta kitambaa.

Mkaratusi ulinipiga puani. Nyuma yake ikaja harufu ya karafuu maiti. Kama wanawake wengi wazima wa mji wetu, mama alijiwekea sanda yake sandukuni miaka mingi, na karafuu maiti ndani yake. Ijumaa niliitoa mimi, kwa mikono hii.

Usingizi ulikatika. Ila sasa maswali sikuyaona kwa machozi.

Nikanyoosha mkono. Msimamizi, binti mdogo kwangu, akanisindikiza bombani.

“Mama, unaumwa?”

“Nimefiwa na mama yangu.”

“Pole sana. Unataka kurudi nyumbani?”

Nyumbani kulikuwa na mkeka, na watu wa kulia nao. Nilitaka sana.

“Hapana. Nataka kunawa.”

Nikatia udhu mzima, mpaka miguu, ingawa haukuwa wakati wa sala. Nikarudi nikidondosha maji sakafuni. Huzuni ilikaa nami dawatini, nami nikaandika. Maswali mawili sikuyajua, nikayaacha.

Historia nilipata D. Pamoja na alama za masomo mengine, ilitosha kunipa cheti na kunibakiza kazini.