Ubwabwa wa Dizeli

Shamba letu la Mbau vita vilishalifunga. Tropa, yaani askari wa Kireno, walituhamishia mjini Mocímboa wakatuzungushia waya, na aliyeonekana porini, hata awe na jembe mkononi, alihesabiwa adui. Tukabaki tunakula jasho la baba. Yeye alikuwa mbali, kwenye reli ya Nacala, akitia makaa katika kichwa cha treni cha mvuke. Meli ya pwani ikitia nanga, baharia mmoja ndiye aliyetuletea kilichopatikana.

Safari moja alileta habari tu. Vimekuja vichwa vipya kutoka Marekani, alisema, vya dizeli, havina tanuri, havili kuni wala makaa. Mama akapiga kigelegele palepale uani. Kila likizo alikuwa akimkanda baba mgongo kwa mafuta ya nazi, na sasa Mungu kamsikia! Akili zetu ziliishia hapo: kazi ngumu imeondoka, mtu kabaki na mshahara wake. Nami, binti mkubwa niliyejiona mjuzi, sikuuliza kitu. Mama akaalika watu kwenye maulidi ya shukrani, akamtoa mbuzi wetu wa mwisho.

Siku yenyewe, ubwabwa ukiwa bado jikoni, baba akaingia na godoro lake kichwani. Majirani wakashangilia, "Nyota njema huonekana asubuhi!" Akawapita hadi jikoni.

"Mama watoto, watu wote hawa wa nini?"

Mama akamweleza huku anacheka. Baba hakucheka.

"Kichwa kile hakina moto wa kuchochea," alisema. "Injini ya dizeli inazalisha umeme, umeme ndio unaozungusha magurudumu. Wamarekani walianza kukitumia kusukuma mabehewa stesheni tu. Siku hizi wanaunganisha viwili, vitatu, makinista mmoja anaviendesha vyote. Sasa mimi nitie nini?"

"Wamekupa kazi gani nyingine?"

"Wameniambia nirudi kwetu."

"Basi utalima," mama alisema, kisha akaukumbuka waya uliotufungia mjini. Nilitamani kumpiga mtu, ila sikumwona wa kumpiga. Nilichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nikawaambie watu?" mama aliuliza.

"Uwaambie nini? Waache wale. Chakula kishaiva."

Tukapakua. Watu walipokwisha kula, mwalimu wa madrasa, mzee mwema asiyejua lolote, alimketisha baba ubavuni pake akaanza dua. Mungu aibariki mashine ile. Aizidishie nguvu, aizidishie umri, alete nyingine nyingi kama hiyo. Ua mzima ukaitikia amina. Nikiwa mlangoni mwa jiko nilimtazama baba. Alikuwa ameinua viganja vyake vyenye sugu, naye akaitikia kila dua, kwa sauti, mpaka ya mwisho.